Kuandaa Bodi Huria ya Cyton kwa Kurekodi Mawimbi ya Ubongo: Mwongozo kwa Mtafiti Anayeanza

Maswali matatu hunifikia mara kwa mara kutoka kwa wanafunzi wa uhandisi, wa tiba na wa saikolojia wanaopata kwa mara ya kwanza kifaa cha kuunganisha ubongo na kompyuta. La kwanza ni iwapo mistari inayorukaruka kwenye kioo cha kompyuta ndiyo ubongo wenyewe. La pili ni kwa nini mistari hiyo wakati mwingine inalala bapa na kukataa kabisa kuamka. La tatu, ambalo ndilo zito, ni iwapo mtu anaweza kutumia kifaa hicho kumpima ndugu yake mwenye kifafa. La tatu nalijibu hapa hapa: hapana. Bodi hii ni chombo cha utafiti na cha kujifunzia, si kifaa cha tiba kilichoidhinishwa, na hakuna mgonjwa anayepaswa kubadilishiwa dawa, kuanzishiwa dawa wala kuambiwa kwamba amepona kwa sababu ya kile ilichorekodi. Mfumo wa kimataifa wa 10–20, ambao hospitali huutumia kupanga elektrodi (vipande vya metali vinavyopokea umeme wa ubongo juu ya ngozi) kichwani, una nafasi 21. Wewe utakuwa na chaneli nane, yaani njia nane za kurekodi kwa wakati mmoja. Hata rekodi kamili ya hospitali ikionekana ya kawaida, haitoshi peke yake kuthibitisha kwamba mtu hana kifafa.

Majibu ya maswali mawili ya kwanza yamo katika hatua zinazofuata. Nimechagua Cyton, bodi ya kampuni ya OpenBCI iliyoanzishwa na Joel Murphy na Conor Russomanno huko Brooklyn, New York, ambao waliomba michango ya umma mwishoni mwa 2013 ili kuitengeneza. Michoro ya bodi na programu zake viko wazi kwa kila mtu, na jambo hilo lina uzito mkubwa kwa anayefanya utafiti mbali na kiwanda, kwa kuwa hitilafu inayotokea unaweza kuifuatilia hadi kwenye saketi yenyewe badala ya kungoja fundi wa nje ya nchi. Anayetumia PiEEG, bodi nyingine inayopachikwa juu ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ataweza kufuata hatua nyingi kama zilivyo, kwa sababu bodi zote mbili zinatumia kigeuzi kimoja cha kugeuza umeme kuwa namba, yaani chipu ya ADS1299 ya Texas Instruments. Akumbuke tu kwamba PiEEG imeungana na kompyuta moja kwa moja, na kwa hiyo mfumo wake mzima lazima uendeshwe kwa betri.

Nadharia inayotosha

Wimbi la ubongo linapofika juu ya ngozi ya kichwa lina ukubwa wa makumi ya mikrovolti, na mikrovolti moja ni sehemu moja ya milioni ya volti. Umeme wa ukutani ni volti 230 au 240, nao hubadilika mara 50 kwa sekunde katika Afrika Mashariki yote. Kazi yako, kwa maneno machache, ni kusikiliza mnong'ono ndani ya chumba chenye ngoma. Cyton huchukua sampuli 250 kwa sekunde katika kila chaneli kwa usahihi wa biti 24, na kwa ukuzaji wake wa kawaida wa mara 24, hatua moja ya kipimo ni takriban mikrovolti 0.022. Bodi, basi, ina uwezo wa kutosha. Vikao vingi huharibikia pale elektrodi inapokutana na ngozi, na ndiyo maana hatua ya 5 ni ndefu kuliko nyingine zote.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Bodi ya Cyton na kipokezi chake cha USB.
- Betri nne za AA na kisanduku chake. Bodi hii huendeshwa kwa betri tu, kati ya volti 3 na 6.
- Elektrodi za kikombe zilizopakwa dhahabu, angalau sita, zote za aina moja. Usichanganye dhahabu na fedha katika kichwa kimoja, kwa sababu metali mbili tofauti huzaa volti yao wenyewe.
- Krimu ya kupitishia umeme, kama Ten20, pamoja na krimu ya kusugulia ngozi, pamba, spiriti na plasta ya karatasi.
- Futi ya fundi cherehani na wanja wa penseli wa kuwekea alama.
- Kompyuta mpakato iliyochajiwa ikajaa, yenye programu ya OpenBCI GUI na lugha ya Python.
- Mita ya umeme ya fundi.
- Daftari na saa.
- Mtu wa kukusaidia. Ni vigumu sana kujiwekea mwenyewe elektrodi za kisogoni.

Onyo la usalama. Usiiunganishe bodi na chaja ya simu, na chanzo chochote kinachotoka ukutani, ikiwa waya zake ziko mwilini mwa mtu. Usiwashe taa za kumetameta wala usimwambie mtu ahemehe kwa kasi ili uone kitakachotokea. Mambo hayo mawili yanaweza kuamsha degedege, na hospitali huyafanya mbele ya wahudumu waliofundishwa kulikabili.

Hatua ya 1: Fanya mazoezi bila bodi

BrainFlow, maktaba ya Python ya kusoma data kutoka kwenye bodi kama hizi, ina bodi ya kubuni inayotoa data ya mfano. Isakinishe kwa amri ya `pip install brainflow`, kisha uendeshe mistari hii:

```
import time
from brainflow.board_shim import BoardShim, BrainFlowInputParams, BoardIds

vigezo = BrainFlowInputParams()
bodi = BoardShim(BoardIds.SYNTHETIC_BOARD.value, vigezo)
bodi.prepare_session()
bodi.start_stream()
time.sleep(10)
data = bodi.get_board_data()
bodi.stop_stream()
bodi.release_session()
print(data.shape)
```

Ukipata namba mbili, yaani idadi ya safu na ya nguzo za data, kompyuta yako iko tayari. Baadaye utabadilisha sehemu mbili tu: utaandika `CYTON_BOARD` mahali pa `SYNTHETIC_BOARD`, na utaongeza jina la mlango ambako kipokezi kimechomekwa katika `vigezo.serial_port`. Jina hilo huwa kama `COM3` kwenye Windows au `/dev/ttyUSB0` kwenye Linux. Kosa la kawaida hapa ni kusahau `release_session`, na matokeo yake ni kwamba mlango hubaki umeshikwa na jaribio linalofuata hukataliwa.

Hatua ya 2: Washa kwa mpangilio

Pima kwanza waya za kisanduku cha betri kwa mita ili uhakikishe kwamba chanya na hasi ziko mahali pake, hasa ikiwa kisanduku hicho hakikuja pamoja na bodi, kwani vipo vinavyouzwa vikiwa vimegeuzwa. Sogeza swichi ya kipokezi kwenye alama ya GPIO6, kichomeke kwenye kompyuta, kisha ndipo uiwashe bodi kwa kusogeza swichi yake upande wa PC. Upande wa BLE hauna kazi katika mwongozo huu.

Kwenye Windows, fungua mipangilio ya mlango wa kipokezi na upunguze muda wa kusubiri kutoka milisekunde 16 hadi 1. Kwenye Linux, mtumiaji lazima awe katika kundi la `dialout`.

Hatua ya 3: Weka vichujio vya kuonyeshea

Ndani ya programu ya OpenBCI GUI chagua Cyton, kisha njia ya kipokezi cha USB, kisha chaneli nane. Weka kichujio cha kuondoa hezi 50, yaani ile kelele ya umeme wa ukutani inayobadilika mara 50 kwa sekunde. Programu inaweza kuwa imewekewa hezi 60 za Marekani, kwa hiyo usiichukulie kama ulivyoikuta. Weka pia kichujio kinachopitisha kati ya hezi 1 na 50. Vichujio hivi hubadilisha kile unachokiona tu, wakati faili huhifadhi data ghafi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Hatua ya 4: Pima kichwa

Usikadirie kwa macho. Pima kutoka kwenye kibonyeo cha juu ya pua, kati ya macho, kupitia utosini hadi kwenye kinundu cha kisogoni. Tuseme umepata sentimita 36. Pima tena mzunguko wa kichwa, tuseme sentimita 56.

Nafasi ya katikati ya kisogo iko asilimia 10 juu ya kinundu, yaani sentimita 3.6. Kutoka hapo, O1 iko kushoto na O2 kulia kwa asilimia 5 ya mzunguko, yaani sentimita 2.8 kila upande. Fp1 hupatikana kwa njia hiyo hiyo kwenye paji la uso: panda sentimita 3.6 kutoka kwenye kibonyeo, kisha nenda kushoto sentimita 2.8. Kwa C3, pima kutoka mbele ya sikio moja hadi mbele ya jingine kupitia katikati ya utosi. Ikiwa umepata sentimita 36 tena, C3 iko sentimita 7.2 kushoto mwa katikati, yaani asilimia 20.

Chaneli nne hizi zinamtosha anayeanza. Nane zinapowekwa na mikono isiyozoea huchukua muda mrefu, na mshiriki huchoka kabla ya kurekodiwa.

Hatua ya 5: Andaa nywele na ngozi

Miongozo mingi niliyosoma ilidhani kwamba msomaji ana nywele laini zinazogawanyika kwa kidole, na watu wetu wengi hawana nywele za namna hiyo. Hili si jambo dogo, kwa kuwa mtu ambaye elektrodi zake hazishiki huishia kuondolewa katika utafiti, na utafiti wa ubongo usiokuwa na watu wenye nywele za kipilipili haujawahusu watu hao hata kidogo.

Mwombe mshiriki aoshe nywele kwa shampuu usiku wa kuamkia kikao na asipake mafuta wala krimu yoyote. Nywele fupi hazina tatizo. Zikiwa ndefu, kusuka kunasaidia, mradi mistari ifuate vipimo: baada ya kuweka alama, msusi asuke mistari mirefu ya twende kilioni ili njia za ngozi kati ya mstari na mstari zipite juu ya O1, O2 na C3. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, watafiti walionyesha mwaka 2020 kwamba kusuka kwa mpangilio wa 10–20 na kubana elektrodi maalumu chini ya mistari hupunguza ukinzani, yaani kizuizi cha umeme kati ya elektrodi na ngozi, kwa kiasi kikubwa kwenye nywele nzito zilizojisokota. Vibanio vyao si lazima kuwa navyo. Wazo lenyewe linafanya kazi hata kwa vikombe vya kawaida. Rasta za kuongezea na mawigi yaliyoshonwa havifai, na mtu aambiwe hivyo siku kadhaa mapema, kwa heshima, asije akatakiwa kufumua kichwa akiwa kitini.

Sasa futa kila alama kwa spiriti, isugue taratibu kwa pamba yenye krimu ya kusugulia bila kuchubua, jaza kikombe kwa krimu ya kupitishia umeme hadi ifure kidogo, kibonyeze, na ukifunike kwa kipande cha pamba au plasta. Safisha ndewe zote mbili za masikio kwa namna hiyo hiyo.

Kwenye bodi, elektrodi ya ndewe moja huenda kwenye pini ya SRB2, nayo ndiyo rejeo la chaneli zote, yaani mahali ambapo kila chaneli hulinganishwa napo. Ya ndewe nyingine huenda kwenye pini ya BIAS, inayosaidia kufuta kelele ambayo mwili wote unaipokea. Fp1, C3, O1 na O2 ziende kwenye chaneli 1 hadi 4, safu ya chini. Kuchomeka kwenye safu ya juu ndilo kosa ninaloliona zaidi ya yote, na mara nyingi waya hukaa humo kwa saa nzima huku mtu akitafuta hitilafu ndani ya programu. Zima chaneli 5 hadi 8.

Hatua ya 6: Pima ukinzani

Bodi hupima mguso kwa kupitisha mkondo mdogo mno, nanoampea 6, kwa masafa ya karibu hezi 31. Pima elektrodi moja baada ya nyingine. Lenga chini ya kiloomu 10. Ukipata 5 ni vizuri zaidi. Ikizidi, ongeza krimu na ubonyeze tena kabla ya kuamua kung'oa. Tofauti kubwa kati ya elektrodi na elektrodi huleta kelele nyingi kuliko ukinzani wa wastani unaolingana kote. Ukimaliza, zima kipimo hicho. Kikao changu kimoja cha dakika arobaini kilipotea chote kwa sababu niliuacha mkondo huo ukipita kwenye O1.

Hatua ya 7: Thibitisha kwamba unarekodi ubongo

Hapa ndipo swali la kwanza linapojibiwa. Chomoa chaja ya kompyuta, sogeza simu mbali, zima taa za tyubu zilizo karibu, na umkalishe mtu kwenye kiti chenye egemeo. Fanya majaribio matatu.

Kwanza, apepese macho mara tano. Fp1 itatoa vilima vikubwa vya mikrovolti mia moja au zaidi. Hilo ni jicho linalozunguka katika tundu lake, si ubongo, lakini linakuonyesha kwamba waya ziko hai.

Pili, aume meno. Chaneli zote zitajaa vurugu nene ya haraka, nayo ni misuli ya taya. Jifunze sura yake, kwa sababu utaikuta tena ndani ya data ya wagonjwa na kuna wanaoidhania kuwa degedege.

Tatu, afumbe macho kwa sekunde 30, afumbue kwa sekunde 30, mara nne. Macho yanapofumbwa, O1 na O2 zinapaswa kutoa wimbi laini la kati ya hezi 8 na 13, na kwenye grafu ya masafa utaona kilele karibu na hezi 10 kinachoondoka macho yakifumbuliwa. Hili ni wimbi la alfa, lile lile ambalo Hans Berger wa Jena, Ujerumani, alilieleza mwaka 1929 baada ya miaka ya kujaribu. Kubadilika huku kunakofuata macho ndiko ushahidi. Mstari mzuri usiobadilika hauthibitishi kitu. Wapo watu wenye afya ambao alfa yao ni ndogo mno, kwa hiyo ukiikosa kwa mmoja jaribu kwa mwingine kabla ya kuilaumu bodi. Usiendelee na hatua ya 8 mpaka umeiona.

Hatua ya 8: Rekodi na uandike

Rekodi dakika tano kwa wakati mmoja. Andika daftarini saa ya kila tukio: alikohoa, mlango uligongwa, umeme ulikatika na jenereta ikawashwa. Faili hukaa kwenye folda ya OpenBCI_GUI ndani ya nyaraka zako. Lipe namba ya mshiriki, kamwe si jina lake.

Hatua ya 9: Fungua data kwa uchambuzi

Ukiwa na MNE-Python, maktaba ya kuchambua mawimbi ya ubongo, data iliyosomwa kwa BrainFlow huingizwa hivi, ikiwa `eeg` ni zile chaneli nne:

```
import mne
taarifa = mne.create_info(["Fp1", "C3", "O1", "O2"], 250, "eeg")
rekodi = mne.io.RawArray(eeg * 1e-6, taarifa)
rekodi.filter(1, 40)
rekodi.compute_psd(fmax=40).plot()
```

Kuzidisha kwa `1e-6` ni lazima, kwa kuwa BrainFlow hutoa mikrovolti ilhali MNE husubiri volti.

Hatua ya 10: Kutoka kwa wenzako hadi kwa wagonjwa

Usimguse mgonjwa kabla ya kuwa na vikao vingi safi vya watu wenye afya. Baada ya hapo unahitaji daktari wa mishipa ya fahamu ndani ya timu tangu siku ya kuandika pendekezo, na kibali cha kamati ya maadili: nchini Tanzania utapitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na nchini Kenya kamati iliyoidhinishwa pamoja na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Mawimbi ya ubongo ni taarifa binafsi za afya, na sheria za kulinda taarifa hizo zipo, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022. Mshiriki mwenye kifafa asiombwe kuacha dawa zake ili arekodiwe.

Chagua swali linalolingana na chaneli ulizonazo. C3 na C4, iliyo mkabala na C3 upande wa kulia, zinafaa kufuatilia jinsi mtu aliyepooza kwa kiharusi anavyowazia kusogeza mkono. Tetemeko la ugonjwa wa Parkinson, ambalo mkono ukipumzika huwa kati ya hezi 4 na 6, linaweza kupimwa hata bila elektrodi yoyote ya kichwani, kwa kufunga bodi kwenye kifundo cha mkono na kutumia kipima mwendo kilichomo ndani yake. Hilo ningempa mwanafunzi kama mradi wa kwanza. Kutafuta chanzo cha degedege ndani ya ubongo kwa chaneli nane nisingempa mtu yeyote.

Mambo yakikwama

*Programu haiioni bodi.* Hakikisha swichi ya bodi iko PC na ya kipokezi iko GPIO6, pima betri, zima bodi na uiwashe tena kipokezi kikiwa kimeshachomekwa. Bado ikikataa, huenda bodi na kipokezi viko kwenye chaneli tofauti za redio. Tumia utafutaji wa chaneli uliomo ndani ya OpenBCI GUI.

*Mstari umelala bapa na unaonyesha karibu mikrovolti 187,500.* Huo ni ukomo wa kipimo. Ikiwa ni chaneli moja, elektrodi yake imeachia. Ikiwa ni zote kwa pamoja, iangalie ndewe yenye SRB2.

*Mawimbi mnene ya hezi 50 kila mahali.* Kagua BIAS kwanza, kisha zisokote waya pamoja ziwe kama kamba moja, uondoke karibu na ekstensheni. Kuketi katikati ya chumba, mbali na kuta zenye nyaya, kumewasaidia wengi.

*Kilele chembamba karibu na hezi 31.* Kipimo cha ukinzani hakijazimwa.

*Data inakuja kwa mafungu.* Rudi hatua ya 2, kwenye milisekunde 16.

*Sampuli zinapotea.* Kila sampuli ina namba kati ya 0 na 255 inayojirudia. Namba zikiruka, redio imezuiwa. Mwili wa binadamu huzuia mawimbi yake, basi tumia waya wa kurefusha USB ili kipokezi kiione bodi bila kizuizi.

*Kasi ni sampuli 125 badala ya 250.* Umeongeza moduli ya Daisy ya kufikia chaneli 16, na kupitia kipokezi cha USB kasi hupungua nusu.

*Mistari inapanda na kushuka taratibu.* Ni jasho. Chumba cha Mombasa au Dar es Salaam mchana wa Februari hakifai. Rekodi asubuhi, na ukitumia feni iweke mbali, kwa kuwa mota yake nayo ina kelele.

*Kuna mdundo mmoja kila sekunde au karibu na hapo.* Elektrodi imekaa juu ya mshipa unaopiga, au moyo unaingia kupitia rejeo la sikioni. Sogeza elektrodi nusu sentimita. Mdundo ukibaki kwenye chaneli zote, hamishia rejeo kwenye ndewe ya pili.

*O1 na O2 zinafanana kabisa.* Krimu imemiminika ikaungana kisogoni, na elektrodi mbili zimekuwa moja. Futa kwa pamba kavu, punguza krimu, na uanze upya kutoka hatua ya 6.